Jojo na plasta za nikotini kwa mvutaji wa Mtwara na Lindi: ipi inastahili pesa yako

Anayetaka kuacha sigara Mtwara mjini, Mikindani, Masasi au Lindi ataambiwa mambo mawili na kila anayemuuliza: kaza moyo, na tafuna karafuu. Hakuna ubaya wowote hapo, ila hakuna linalogusa kile kinachomrudisha kwenye pakiti siku ya pili, yaani arosto. Mwili uliozoea nikotini kwa miaka 20 unaidai kama unavyodai chakula. Dawa za kuupunguzia mwili deni hilo taratibu zipo. Jojo na plasta za nikotini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009, na Julai 2024 shirika hilo lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa kutibu uraibu wa tumbaku, nazo zimo tena.

Tunazipima hapa kwa macho ya mtu anayeishi kwenye joto na unyevunyevu wa Kusini: mvuvi wa Feri, mpagazi wa bandarini, dereva wa lori la korosho au saruji. Tunazipima pia kwa Wachina wanaofanya kazi huku, kwani wakandarasi wa Kichina ndio waliojenga bomba la gesi kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, lililoanza kazi 2015. Kwao China takribani nusu ya wanaume wanavuta, na kumkaribisha mwenzako sigara ni adabu ya kazini na harusini. Dawa ni zile zile, lakini kipimo na namna ya kumshauri vina tofauti yake, na tutaifikia.

Hukumu yetu tuitoe mapema. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja, nunua plasta. Ukiwa nayo ya viwili, nunua plasta na jojo chache za kutumia arosto inapopanda. Tafiti zilizojumlishwa pamoja zinaonyesha kwamba dawa ya nikotini ya aina yoyote inaongeza nafasi ya kufanikiwa kwa takribani nusu ukilinganisha na kuacha bila dawa, na kwamba plasta pamoja na jojo inashinda kila moja ikitumiwa peke yake. Kati ya jojo na plasta tofauti si kubwa zikitumiwa sawasawa. Jojo tumeishusha kwa sababu ya neno hilo, sawasawa. Watu wengi wanaitafuna vibaya, wanaiona haifai, na wanaiacha baada ya siku tatu.

Jojo

Wazo la jojo ya nikotini lilianza kwa mabaharia wa nyambizi za Sweden, ambao hawawezi kuvuta wakiwa chini ya maji. Mtaalamu wa kampuni ya dawa ya Leo, Ove Fernö, akaitengeneza, nayo ikaanza kuuzwa Uswisi mwaka 1978. Kwa hiyo tangu mwanzo ilikusudiwa kuwa dawa, na namna ya kuitafuna ni sehemu ya dawa yenyewe.

Zipo za miligramu 2 na za miligramu 4. Usichague kwa kuhesabu sigara. Angalia saa: ukiamka, unawasha ya kwanza baada ya muda gani? Kama ni ndani ya nusu saa, chukua ya 4. Kama unaweza kuoga, kunywa chai na kufika kazini ndipo uwashe, ya 2 inakutosha. Mvutaji mkali anayepewa ya 2 atabaki na arosto yake yote, na ataamini dawa ni maji. Hilo ndilo kosa tunaloliona zaidi madukani, kwa kuwa ya 2 ndiyo inayoonekana "salama". Tafiti ziko wazi kwamba kwa mvutaji mkali ya 4 inafanya kazi vizuri zaidi.

Sasa kutafuna kwenyewe. Weka moja mdomoni, itafune polepole mpaka usikie ukali kama wa pilipili manga au ulimi kuanza kuwasha. Hapo acha kutafuna. Isukume kati ya shavu na fizi, itulie. Ukali ukipotea, baada ya dakika moja hivi, itafune tena kidogo, kisha ihamishie shavu la pili. Endelea hivyo kwa nusu saa, halafu itupe. Nikotini inapita kwenye ngozi laini ya ndani ya shavu na kuingia kwenye damu. Anayeitafuna mfululizo kama bigijii ya dukani anaimeza nikotini pamoja na mate, inakwenda tumboni, ini linaiharibu sehemu kubwa kabla haijafika kichwani, na tumbo linajibu kwa kiungulia, kwikwi na kichefuchefu. Mtu anapata madhara yote na faida hapati.

Jambo la pili linaloiharibu ni kinywaji. Nikotini inapenya shavuni pale tu mate yanapokuwa hayana uchachu. Ndiyo maana ndani ya jojo wametia chumvi za kuondoa tindikali. Sasa mtu amekaa kijiweni na kikombe cha kahawa chungu, au ana soda, juisi ya ukwaju, au msimu wa korosho amefyonza bibo, kisha anaweka jojo mdomoni. Uchachu unaifunga nikotini, shavu halipokei kitu. Usile wala kunywa chochote isipokuwa maji kwa dakika 15 kabla ya jojo, na usile wala kunywa ukiwa nayo mdomoni. Kwa watu wa huku hili ni gumu kuliko linavyosikika, maana sigara na kahawa vimeoana. Afadhali unywe kahawa yako kwanza, usukutue kwa maji, ungoje robo saa.

Tena kuhusu kahawa hiyo hiyo: moshi wa sigara hulifanya ini liiondoe kafeini haraka. Ukiacha kuvuta, ini linapunguza kasi ndani ya siku chache, na vikombe vile vile ulivyozoea vinakaa mwilini muda mrefu zaidi. Mtu anatetemeka, moyo unamwenda mbio, hapati usingizi, anasema ni arosto. Wiki ya kwanza punguza kahawa ibaki nusu. Mgonjwa wa pumu anayemeza aminofilini, na anayetumia klozapini au olanzapini kwa ugonjwa wa akili, lazima amwambie daktari kabla ya kuacha kuvuta, kwa sababu dawa hizo nazo zitapanda kwenye damu bila kuongeza kidonge hata kimoja.

Kiasi: wiki 6 za kwanza, moja kila saa 1 hadi 2, na zisipungue 9 kwa siku. Wiki ya 7 hadi ya 9, moja kila saa 2 hadi 4. Wiki ya 10 hadi ya 12, moja kila saa 4 hadi 8. Zisizidi 24 kwa siku. Piga hesabu kabla hujatoa pesa: 9 kwa siku kwa siku 42 ni 378, kisha 5 kwa siku kwa siku 21 ni 105, kisha 3 kwa siku kwa siku 21 ni 63. Jumla 546. Pakiti ya jojo 30 inakwisha ndani ya siku 3 na ushei. Anayenunua pakiti moja na kuijaribu hajaijaribu dawa hii. Weka bei ya dukani kwako kando ya bei ya sigara unazovuta kwa wiki 12, ndipo uone kama unaimudu. Usipoimudu yote, usiinunue nusu. Soma sehemu ya plasta.

Mwenye meno ya bandia asiinunue, inaganda. Mwenye vidonda mdomoni asubiri vipone. Na usikubali mbadala wa ugoro au tumbaku ya kutafuna eti "haina moshi". Tumbaku hiyo inaleta saratani ya mdomo, na uraibu unabaki pale pale.

Plasta

Plasta ya saa 24 inakuja kwa nguvu tatu: miligramu 21, 14 na 7. Anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku anaanza na 21 kwa wiki 6, kisha 14 kwa wiki 2, kisha 7 kwa wiki 2. Hizo ni plasta 70: 42, 14 na 14. Anayevuta 10 au pungufu anaanza na 14 kwa wiki 6, anamalizia na 7 kwa wiki 2. Zipo pia za saa 16, ambazo namba zake ni tofauti (25, 15 na 10) na huvuliwa wakati wa kulala. Usichanganye ratiba ya aina moja na plasta za aina nyingine.

Tatizo la plasta katika mikoa yetu ni kubanduka. Jasho ni sababu, lakini sababu kubwa zaidi ni mafuta. Mtu ameoga, amejipaka mafuta ya nazi au mafuta mazito ya mgando mwili mzima kama desturi, kisha anabandika. Gundi haishiki juu ya mafuta. Osha sehemu moja kwa sabuni ya kawaida isiyo na mafuta, suuza vizuri, ikaushe kwa taulo mpaka iwe kavu kabisa, bandika, gandamiza kwa kiganja kwa sekunde 10, hasa pembeni. Baada ya hapo ndipo upake mafuta mwili uliobaki, ukiikwepa plasta. Pachaguliwe pasipo na nywele wala pasipokunjwa: juu ya mkono upande wa nje, kifuani juu, au mgongoni juu. Mpagazi asiweke begani anapobebea gunia. Mvuvi anayeingia majini anaweza kuongeza ukanda wa plasta nyeupe ya hospitali kwenye kingo, hauna madhara. Ikibanduka, weka mpya, na kesho badilisha saa ile ile uliyozoea.

Ibandike unapoamka, hata kama kuamka kwako ni saa 12 jioni kwa sababu unavua usiku. Kila siku mahali papya, na usirudie mahali pale pale kabla ya wiki kupita, maana ngozi itawasha na kuwa nyekundu. Wekundu mdogo ni kawaida, malengelenge si kawaida, itoe na uende kituo cha afya. Ndoto kali za usiku zinatibika kwa kuivua unapolala, ingawa asubuhi utaamka na hamu kubwa zaidi. Hapo ndipo jojo moja ya asubuhi inafaa. Usiikate plasta kwa mkasi ili upate mbili. Joto kali juu ya plasta, kama kukaa karibu na tanuri la kukaushia samaki au kuegemea injini ya boti, linaongeza kasi ya nikotini kuingia. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikija ghafla, sogea penye ubaridi au uivue.

Ukiteleza ukavuta sigara moja ukiwa na plasta, usiivue plasta. Imani kwamba moyo utasimama imewafanya wengi waivue na kurudi kwenye pakiti nzima. Acha plasta ifanye kazi, anza tena saa ile ile. Anayetakiwa kuonana na daktari kwanza ni mjamzito, aliyepata shambulio la moyo ndani ya wiki mbili zilizopita, na mwenye mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida.

Plasta iliyotumika bado ina nikotini ya kutosha kumdhuru mtoto anayeiokota na kuitia mdomoni. Ikunje upande wa gundi kwa gundi, irudishe kwenye pakiti yake, itupe chooni cha shimo, isilale uani.

Mfuko mdogo unaotosha kwa mpango wa kuchanganya: plasta zako 70 pamoja na jojo 4 hadi 6 kwa siku kwa wiki 6 za mwanzo, zitumike kwa saa ngumu tu. Saa hizo zinajulikana: baada ya kula, kwenye mnada wa korosho, ukisubiri meli ishushe mzigo, na ukiwa karibu na pombe. Pombe ndiyo inayowarudisha wengi kuliko arosto yenyewe, iwe bia au uraka wa msimu wa mabibo. Ukiwa mnywaji, kaa mbali nayo wiki 2 za kwanza. Ile hamu kali inayokushika inapita baada ya dakika chache hata usipoitii, na arosto kwa jumla inafika kilele siku ya 2 na ya 3.

Ramadhani ni wakati mzuri mno wa kuanza, kwa kuwa mchana umekwisha kuachana nayo. Jojo mchana haitumiki. Juu ya plasta, muulize sheikh wako kabla ya mwezi kuandama, usisubiri uwe umefunga. Hatari yako ni dakika ya futari: wengi wanafungua kwa tende, maji na sigara. Weka jojo au kidonge cha kumung'unya pale sigara ilipokuwa inakaa.

Vinginevyo, kwa ufupi

Vidonge vya kumung'unya, miligramu 2 na 4, vinachaguliwa kwa kanuni ile ile ya nusu saa ya kuamka. Vinayeyuka polepole kwa dakika 20 hadi 30, havitafunwi wala havimezwi, na visizidi 20 kwa siku. Kwa mwenye meno mabovu tunavipendelea kuliko jojo.

Bupropioni na vareniklini ni vidonge vya kumeza vya kuandikiwa na daktari, viliongezwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2021. Vareniklini ni dawa kali na nzuri. Bupropioni haimfai mwenye kifafa.

Sigara za umeme zinazouzwa kwenye mabegi na mitandaoni hatuzipendekezi kama dawa: huwezi kujua nikotini kiasi gani imo, na tunaona vijana wasiovuta kabisa wakianzia hapo.

Ukinunua chochote kati ya hivi, nunua famasi yenye mfamasia, angalia namba ya usajili ya TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) na tarehe ya kwisha, na ufungue pakiti moja mbele yake. Jojo iliyokaa kwenye joto inakuwa ngumu na kuvunjika vipande badala ya kunyumbuka. Plasta iliyopigwa jua gundi yake inatoka na karatasi. Maelekezo mengi ya pakiti yanasema zitunzwe chini ya nyuzi 25, na mchana wa Mtwara unapita hapo kwa urahisi. Usizihifadhi kwenye boksi la bodaboda wala dirishani. Chumbani kwenye kivuli, ndani ya kopo lililofungwa, inatosha.

Kwa mvutaji wa Kichina

Hapa ndipo huduma inapopita dawa. Marekani, ambako wahamiaji wengi wa Kichina hawakujua Kiingereza cha kutosha kuelewa kijikaratasi cha kwenye pakiti, Chuo Kikuu cha California San Diego kilijenga ushauri wa simu kwa Kikantoni, Kimandarini, Kikorea na Kivietinamu. Utafiti wao uliochapishwa 2012, uliohusisha wavutaji zaidi ya 2,200, ulionyesha kwamba waliopata ushauri wa simu kwa lugha yao waliacha kwa miezi 6 kwa kiwango cha asilimia 16.4, na waliopewa vijitabu tu ni asilimia 8. Mara mbili. Mwaka huo huo huduma ikafunguliwa nchi nzima kwa fedha za serikali, na kupiga simu kulikuwa bure. Tunaipa alama ya juu kuliko jojo, plasta au kidonge chochote tulichokitaja, kwa sababu ilifanya kitu ambacho pakiti haifanyi: mshauri alipiga simu tena siku ya 1, siku ya 3, wiki ya 1, yaani siku zile zile ambazo mtu anaanguka.

Wapigaji si wote waliokuwa wavutaji wenyewe, wengine walikuwa wake zao na watoto wao. Mtu wa afya wa huku anayemhudumia Mchina anaweza kuutumia mlango huo: mpe mke au msimamizi wa kambi kazi ya kupiga simu siku hizo tatu. Andika ratiba ya plasta kwa namba na tarehe, mwombe mkalimani wa kampuni aiandike kwa Kichina, ibandikwe ukutani bwenini. Na mfundishe jibu la adabu la kukataa sigara anayokaribishwa, maana kukataa kimya kimya mbele ya bosi kunaonekana utovu wa heshima. Wengi wanapita salama kwa kusema daktari amenikataza kwa sababu ya kifua.

Kuhusu kipimo: utafiti wa Neal Benowitz na wenzake wa San Francisco, uliochapishwa 2002, ulionyesha kwamba Wachina wa Marekani waliingiza nikotini kidogo zaidi kwa kila sigara kuliko wavutaji weupe, na mwili wao uliitoa polepole. Kwa hiyo Mchina anayevuta sigara 15 kwa siku anaweza kuona plasta ya 21 ni kali: kichwa, kichefuchefu, jasho baridi. Usimwambie avumilie. Mshushe kwenye 14, muongezee jojo ya 2 arosto inapomshika.

Kipimo cha mapafu

Wanaoacha sigara wakiwa na umri wa miaka 50 na zaidi huuliza kama wapige picha ya kifua "ili kuhakikisha". Eksirei ya kawaida haifai kwa kazi hiyo. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa 2011, wenye watu zaidi ya 150,000, haukuona kwamba kupiga eksirei kila mwaka kunapunguza vifo vya saratani ya mapafu. Kinachopunguza ni siti-skani ya mionzi kidogo. Utafiti mwingine wa mwaka huo huo, wenye watu zaidi ya 53,000, uliona vifo vya saratani ya mapafu vikipungua kwa asilimia 20 kwa waliopigwa siti-skani kila mwaka kwa miaka mitatu. Ule wa Uholanzi na Ubelgiji wa 2020 uliona asilimia 24 kwa wanaume.

Kipimo chenyewe ni chepesi: unalala chali, unainua mikono, unabana pumzi sekunde chache, huchomwi sindano. Mionzi yake ni takribani moja ya tano ya siti-skani ya kawaida ya kifua. Kwa hiyo mwambie wazi mpigaji picha kwamba ni ya uchunguzi na ya mionzi kidogo, vinginevyo utapigwa ya kawaida.

Nani anastahili? Kanuni ya Marekani tangu 2021: umri 50 hadi 80, miaka-pakiti 20 au zaidi, na bado unavuta au umeacha ndani ya miaka 15. Miaka-pakiti ni pakiti za siku ukizidisha kwa miaka. Pakiti 1 ya sigara 20 kwa miaka 20 ni 20. Sigara 10 kwa miaka 40 ni 20 vilevile. Sigara 5 kwa miaka 30 ni 7.5, hufiki. Asiyefika asipoteze pesa.

Kwa familia za Kichina kuna nyongeza. Saratani ya mapafu kwa wanawake wa Asia Mashariki ambao hawajawahi kuvuta ni jambo linalojulikana sana. Taiwan ilipoanzisha mpango wake wa taifa 2022 iliwaingiza pia wasiovuta wenye ndugu wa damu aliyepata ugonjwa huo. Huko Xuanwei, mkoani Yunnan, moshi wa makaa ya mawe ndani ya nyumba ulihusishwa na vifo vingi vya wanawake, na majiko yalipowekewa bomba la kutoa moshi hatari ilishuka. Hilo linatuhusu na sisi tunaopika kwa kuni jikoni kusikokuwa na tundu: moshi huo wa kuni umewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani, na moshi wa mafuta ya kukaangia kwa moto mkali umo kundi hilo hilo.

Udhaifu wa kipimo hiki ni mkubwa, na huku Kusini unaongezeka. Katika utafiti wa 2011, karibu picha 1 kati ya 4 ilionyesha kitu cha kutiliwa shaka, na zaidi ya 95 kati ya kila 100 ya hizo hazikuwa saratani. Kwetu ambako wengi wameugua kifua kikuu, mapafu yana makovu na vinundu vya zamani. Mtu anaweza kuishia kukatwa kinyama cha mapafu kwa ajili ya kovu la TB la miaka 15 iliyopita. Kwa hiyo nenda na kadi yako ya matibabu ya TB na filamu zozote za zamani, hata zilizokunjamana. Kinundu kilichokuwepo kwenye picha ya miaka mitatu iliyopita na hakijakua kinamtuliza daktari kuliko kipimo kipya chochote.

Na makosa ya upande wa pili yanaua zaidi. Mvutaji wa miaka 55 anakohoa damu, anakonda, sauti imekauka, bega linauma. Huyo hahitaji uchunguzi wa mapema, anahitaji kutibiwa kama mgonjwa leo. Makohozi yapimwe TB kwa mashine ya GeneXpert, na hiyo ni sahihi. Tatizo linaanza matokeo yakisema hakuna TB na bado anaanzishiwa dawa zake, au anamaliza dozi ya miezi 6 bila nafuu na anaanzishiwa nyingine. Hapo ndugu waombe rufaa kwa maneno hayo hayo: makohozi hayana TB, kikohozi hakijapona, alivuta miaka mingi, tunaomba siti-skani ya kifua. Mlango wa kwanza ni hospitali ya Ligula kwa Mtwara na ya Sokoine kwa Lindi, unaofuata ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mitengo, na ikithibitika, tiba ya mionzi ni Ocean Road, Dar es Salaam. Plasta aendelee nayo hata akishaambiwa ana saratani, kwa sababu anayeacha kuvuta baada ya kugundulika anaishi muda mrefu zaidi, na kidonda cha upasuaji kinapona vizuri zaidi.